Kitambi Kilichoondoka na Mwanangu

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, niliota kitambi changu kimeamka kabla yangu.

Ndotoni ilikuwa asubuhi, saa moja na kitu, Jumamosi. Nilijua ni Jumamosi kwa sababu jirani alikuwa anafua huku anaimba. Nikapeleka mkono tumboni kama ninavyofanya kila nikiamka, nikakuta pamekuwa bapa, pametulia, mfano wa kitanda cha mgeni aliyeondoka alfajiri akakitandika mwenyewe.

Nikaenda sebuleni. Kitambi kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha plastiki, kinakunywa chai. Kilikuwa kimevaa shati langu la bluu, lile ambalo vifungo vyake havifungi tena. Kwake vilifunga vyote.

"Za asubuhi," kilisema.

"Nzuri," nikasema.

Naitwa Nikanori. Nina miaka thelathini na moja, na kazi yangu ni kubuni kadi za harusi katika duka la vifaa vya ofisi hapa Morogoro. Nakaa kwenye kiti saa tisa kwa siku, nachagua maua ya kuweka pembeni mwa majina ya watu. Jioni narudi nyumbani Kihonda, kwa mke wangu Eliwaza na binti yetu Tumsifu, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, ambaye alikuwa bado hajaanza kutembea. Kliniki walisema tusiwe na wasiwasi. Eliwaza akaacha kuuongelea.

Nikishaoga nacheza gemu. Ni gemu la mtu anayekimbia, anaruka mashimo na kuokoa watu asiowajua. Naye ana tumbo bapa sana. Wiki tatu zilizopita niliona picha ya harusi ya shemeji yangu, nikauliza yule mzee aliyesimama nyuma ya keki ni nani. Nilikuwa mimi. Kesho yake nikajiandikisha mazoezi.

Sasa kitambi kikaweka kikombe chini, kikatoa karatasi kwenye mfuko wa shati.

"Nimepata barua yako," kilisema.

Nikaisoma. Mwandiko ulikuwa wangu. Ilisema: *Ndugu Kitambi, Yah: Kuondoka kwako. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Unatakiwa uwe umeondoka ndani ya siku ishirini na moja. Nakutakia kila la heri.* Chini palikuwa na sahihi yangu na muhuri wa duka letu.

"Leo ni ya ishirini na moja," kitambi kilisema. "Sitaki kuonekana mkaidi."

Eliwaza akatoka jikoni na chupa ya chai.

"Baba Tumsi, usimsumbue mgeni, hajamaliza kunywa."

"Mama Tumsi, huyu siyo mgeni. Ni tumbo langu."

"Ndiyo maana nimempa kikombe kikubwa."

Kitambi kikashukuru, kikasimama. Hapo ndipo nikaona kina kanga mgongoni, imefungwa vizuri sana, na ndani ya kanga yumo Tumsifu, amelala, mdomo wazi.

"Unampeleka wapi?" nikauliza.

"Naondoka na vyangu."

"Huyo ni mwanangu."

Kitambi kilinitazama kwa huruma. "Jioni huwa analala wapi?"

Nikafikiri. Jioni Tumsifu hulala juu ya tumbo langu, na mimi nainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake nikishika padi, kile kidude cha kuchezea gemu.

"Juu yako," nikasema.

"Haya basi," kikasema, kikainama kidogo mlangoni ili mtoto asijigonge, kikatoka.

Nikamgeukia mke wangu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Kimeondoka na mtoto!"

"Ukikikuta kiambie kimvalishe soksi," alisema, akaendelea kukunja nepi.

Suruali ilikuwa inanidondoka kwa kuwa hapakuwa na cha kuishikilia. Nikaifunga kwa kamba ya chandarua, nikakimbia. Wakati huohuo nikaona kwenye kona ya juu ya jicho la kushoto kuna mioyo mitatu myekundu. Ni ile ya kwenye gemu, inayoonyesha umebakiza maisha mangapi. Nikajaribu kuitazama vizuri, nayo ikahama na jicho. Nikaiacha.

Mlango wetu hutokea uani, kwenye kamba ya nguo. Safari hii ulitokea kwenye ukumbi wa mazoezi.

Pale mapokezi alikuwa amekaa mizani. Namaanisha mizani yenyewe, ile ya kupimia uzito, imewekwa juu ya kiti na imevaa miwani.

"Panda," ilisema.

"Natafuta kitambi kimebeba mtoto."

"Hakuna anayepita hapa bila kupanda."

Nikaishusha chini, nikapanda. Ikahangaika kidogo, ikanyamaza, kisha ikasoma kwa sauti ili ukumbi wote usikie:

"Nikanori. Umepungua kitambi kimoja na mtoto mmoja."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wanawake waliokuwa wanaruka kamba wakasimama kunipongeza. Mwanaume mmoja mwenye taulo shingoni akanishika mkono akasema nimempa moyo.

"Mtoto sikutaka kumpunguza," nikaiambia mizani.

"Sisi hapa tunapunguza. Hatuchagui."

"Inawezekana kurudisha?"

"Wengi hurudisha kitambi," ilisema. "Upande wa mtoto, muulize mwalimu."

Mwalimu wa mazoezi anaitwa Redempta. Yupo kweli, hata nikiwa macho. Ni mwanamke mfupi, mkali, ana sauti ya kufukuzia ng'ombe, na anapenda kusema "ya mwisho" wakati siyo ya mwisho. Ndotoni alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na filimbi.

"Mwalimu, kimepita hapa kitambi na mtoto mgongoni?"

"Kimepita. Kimepanda ile mashine ya kukimbilia, namba nne."

"Ile mashine inakwenda wapi?"

"Kaka Nikanori," alisema, "mashine haiendi popote. Wewe ndiye unayekwenda. Panda."

Nikapanda.

Nakimbia. Mkanda unapita chini ya miguu yangu, na ukuta wa mbele unaanza kusogea nyuma, halafu unaanguka taratibu, na nyuma yake kuna barabara ya vumbi na mashamba ya mkonge pande zote mbili. Jua linawaka. Kule mbele, mbali, nakiona kitambi changu. Hakikimbii. Kinatembea kama mtu anayetoka sokoni na amepata alichokitaka. Tumsifu ameamka. Amegeuza shingo ananitazama.

"Tumsi!" naita.

Naongeza mwendo. Wanazidi kuwa mbali. Naongeza tena. Sasa kitambi ni kidogo kama kikombe. Naelewa kwamba mkanda unanirudisha nyuma kwa kasi ileile ninayokimbia, na zaidi kidogo, lakini miguu inakataa kuelewa.

"Ya mwisho!" anapiga kelele Redempta, ambaye hayupo.

Nakimbia.

"Ya mwisho kabisa! Hii sasa ndiyo ya mwisho yenyewe!"

Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakuta padi. Nikafurahi mno. Padi ina kitufe cha kusimamisha gemu. Ukikibonyeza kila kitu kinaganda, unaweza kwenda kunywa maji, kujibu simu, hata kuoga, na ukirudi unakuta adui amekusubiri na panga lake hewani. Nikasema, nitaigandisha dunia, nitatembea polepole mpaka kwa kitambi, nitamchukua mwanangu, nitarudi.

Nikabonyeza.

Niliganda mimi.

Mguu wa kulia ulikuwa hewani, wa kushoto umegusa ardhi kwa kidole gumba. Mdomo ulikuwa wazi. Kila kitu kingine kiliendelea. Kitambi kiliendelea kutembea, kikapanda kilima, kikashuka upande wa pili.

Mvua ikanyesha. Jua likawaka. Mkonge ulikatwa wote, ukapandwa upya, ukakua. Ndege alijenga kiota mkononi mwangu, akalea vifaranga wawili, wakaondoka bila kuaga. Sikuwa na maumivu. Niliona kila kitu, sikuweza kugusa chochote.

Eliwaza akapita. Alikuwa amesuka nywele kwa mtindo nisioujua, na ameshika keki yenye mishumaa miwili. Baadaye akapita tena, mishumaa ilikuwa mitano. Safari hiyo alisimama, akanifuta vumbi usoni kwa pindo la kanga, vile anavyofuta friji.

"Bado tu?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Akaenda zake.

Kisha akapita msichana wa shule, sketi ya bluu na shati jeupe, begi kubwa kuliko mgongo. Alikuwa anatembea vizuri, anarusha mawe kwa ncha ya kiatu. Masikio yake yalikuwa yangu. Alipofika mbele yangu akasimama, akashika mikanda ya begi.

"Shikamoo," alisema.

Aliisema vile watoto wanavyomsalimia mtu mzima yeyote wanayepishana naye njiani.

Nilitaka kusema marahaba. Nilitaka kusema, mimi ni baba yako, mimi ndiye niliyekuchagulia jina, ulizaliwa asubuhi ya mvua na nesi akasema una mapafu mazuri. Ulimi haukusogea. Alisubiri kidogo, kwa adabu, akaona sijibu, akaendelea na safari yake.

Moyo wa kwanza ukadondoka kutoka kwenye kona ya jicho langu, ukatua vumbini. Kuku akaja akaudonoa.

Sauti ikasema kutoka juu, ya mwanamke, ile inayokwambia salio lako halitoshi: "Unarudishwa mahali ulipohifadhi gemu mara ya mwisho."

Mahali nilipohifadhi mara ya mwisho palikuwa kwenye kochi langu, Alhamisi, saa kumi na mbili jioni.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo siyo ndoto. Alhamisi hiyo ilikuwepo kweli. Nilikuwa kwenye kochi hilohilo, padi mkononi, na yule mtu wa gemu alikuwa amebakiza shimo moja tu amalize hatua. Eliwaza aliita kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa ya juu kuliko kawaida: "Baba Tumsi! Njoo! Njoo uone, haraka!" Nikajibu, "Dakika moja, namalizia." Nikamalizia. Nikahifadhi gemu. Nilipofika jikoni, Tumsifu alikuwa amekaa sakafuni ameshika mfuniko wa sufuria, na Eliwaza alikuwa anakata kitunguu.

"Nini?" niliuliza.

"Basi. Imepita," alisema.

Sikuuliza kilichopita ni nini. Nilidhani mjusi.

Sasa ndotoni niko pale tena. Kitunguu nakisikia. Najua ninachopaswa kufanya, ni kuinuka tu. Eliwaza anaita, "Baba Tumsi! Njoo! Njoo uone, haraka!" Nakaza miguu niinuke. Lakini mdomo, ambao ulishasema neno lile mara nyingi mno, unalisema wenyewe:

"Dakika moja."

Mlango ukagongwa.

Akaingia mwanaume mfupi aliyevaa suti ya kahawia na kubeba mkoba. Akajifuta viatu kwa uangalifu kwenye zulia.

"Umeniita," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni Dakika Moja." Akanipa mkono. Ulikuwa wa vuguvugu. "Umeniita sana mwaka huu, kaka. Nimekuwa nasema siku moja nije tufahamiane."

"Sikukuita wewe. Ni neno tu, nilikuwa nasema."

"Wote husema hivyo," alisema, akageuka mlangoni. "Karibuni ndani, jamani."

Wakaingia ndugu zake. Walikuwa wafupi kama yeye, suti zilezile, na walikuwa wengi. Wakakaa kwenye kochi, kwenye mikono ya kochi, juu ya meza, wengine wakasimama mbele ya runinga. Mmoja akakuta bakuli la karanga akalizungusha. Kila aliyeingia alinisalimia kwa mkono.

"Nilisema moja," nikanong'ona.

"Sijawahi kuja peke yangu," alisema Dakika Moja. "Siyo kwako tu. Popote."

"Naomba mnipishe. Naitwa jikoni."

"Tungependa kukupisha, lakini tumekwishakaa."

"Mnaondoka saa ngapi?"

Akatazama saa yake. Ilikuwa na uso, haikuwa na mishale. "Sisi huwa tunaisha. Lakini tukiisha, mara nyingi tunakuta na wenyeji hawapo tena."

Kule jikoni Eliwaza aliita mara ya pili, polepole kidogo. Moyo wa pili ukadondoka. Uliangukia kwenye bakuli la karanga, na ndugu mmoja akautia mdomoni akautafuna kabla hajatazama. Akaomba radhi sana. Nikamwambia hakuna shida, ingawa ilikuwepo.

Nikaweka padi mfukoni, nikainuka.

Kutoka kwenye kochi mpaka mlango wa jikoni ni hatua tano. Nilipita juu ya magoti yao. "Samahani. Samahani, kaka. Samahani, naomba kupita." Walijaribu kukunja miguu lakini hawakuwa na mahali pa kuikunjia. Nilikanyaga mikoba. Mmoja alitaka kunisimulia habari za shimo lililobaki kwenye gemu, akanishika kwa kamba ya suruali. Nilitokwa na jasho ambalo kwa Redempta sijawahi kulitoa. Sikuweza kujua nilitumia muda gani, kwa kuwa wenye muda wote walikuwa wamekaa pale wakinitazama.

Nikafika. Nikasukuma mlango.

Jikoni hapakuwa jikoni. Palikuwa uwanja wa mpira, mpana, nyasi fupi, na mistari imechorwa asubuhi hiyo kwa chokaa mbichi. Hapakuwa na mtu wala goli. Milima ya Uluguru ilikuwa pale ilipo siku zote, na wingu lake juu. Katikati ya uwanja kilikuwa kimekaa kitambi changu, kimekunja mikono ya shati. Pembeni yake Tumsifu ameketi chini, peku, anachezea nyasi.

Nikaanza kukimbia.

"Usikimbie," kitambi kilisema bila kupaza sauti, nami nikasikia vizuri. "Mtu akimkimbilia, mstari unarefuka."

Nikatazama mstari. Kweli ulikuwa umerefuka. Nikasimama.

"Umechelewa," kilisema.

"Najua."

"Chuchumaa hapohapo. Magoti yakunje, makalio yasiguse chini. Kaa hivyo mpaka aje mwenyewe. Ukiinuka, tunaondoka, mimi na yeye, na safari hii hutajua njia."

Hiyo ndiyo skwati, zoezi ninalolichukia kuliko yote. Jumatano nilifanya kumi, nikashuka ngazi kinyumenyume siku mbili.

Nachuchumaa. Nanyoosha mikono mbele. Tumsifu ananitazama, kisha anatazama nyasi. Anachuma moja, anaionja. Hana haraka hata kidogo. Mapaja yanaanza kuwaka. Nahesabu mpaka ishirini, naona hesabu haisaidii, naacha.

Padi inatetemeka mfukoni.

"Nikanori," inasema, kwa sauti laini. "Kuna mtu wa kuokoa. Amening'inia ukingoni. Amebakiza vidole viwili."

Sijibu.

"Ni wewe tu unayeweza. Anakuita jina."

"Da—" nasema, na nyuma yangu nasikia viti vinasogea. Nageuza jicho. Mlango wa jikoni uko wazi na ndugu wote wa suti za kahawia wamejaa pale, wameshika mikoba yao, wako tayari. Nafunga mdomo kwa mkono. Neno linabaki kinywani, lina ladha ya chuma. Nalimeza. Linashuka vibaya.

Mapaja yanatetemeka. Moyo mmoja uliobaki unapepesa kwenye kona ya jicho. Nasema moyoni, nitaanguka. Nasema, nikianguka sijui itakuwaje, hakuna aliyenieleza. Na kwa kweli nikiwa pale sikuelewa hata kidogo kwa nini kitambi changu ndicho kimewekwa kunisimamia, wala uwanja ni wa nani, wala nimefanya kosa gani kubwa hivyo. Nilielewa tu kwamba nisiinuke.

Tumsifu akaweka viganja viwili chini. Akainua makalio. Akakaa hivyo, kichwa chini, ananichungulia katikati ya miguu yake. Kisha akasimama.

Hakushika kitu. Hapakuwa na cha kushika.

Akapiga hatua. Ilitua juu ya mstari wa chokaa. Akaitazama ile hatua kwa mshangao, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akapiga nyingine. Mikono yake ilikuwa juu, vidole vimetawanyika, tumbo mbele. Alikuwa anafuata mstari, mguu huu, mguu ule, na kila akikanyaga chokaa ilipanda kidogo kwenye vidole vyake. Nilitaka kusema njoo. Sikuweza, mkono ulikuwa bado mdomoni, na machozi yalikuwa yanashuka juu ya mkono.

Akafika. Akaweka kiganja juu ya goti langu. Akanitazama sana, macho yake karibu kabisa, akafuta kamasi kwenye suruali yangu.

Kisha akanipita.

Aliendelea na mstari. Nikageuka nikaona anakwenda, shingo imenyooka, hana habari na mimi. Nikainuka. Miguu haikuwa na nguvu tena, nikatembea nyuma yake kwa hatua zake, ambazo ni ndogo mno, na ilinibidi nijifunze kutembea upya ili nisimkanyage.

Kitambi kikaja kikatembea sambamba nami.

"Sasa hayo ndiyo mazoezi," kilisema.

Tulitembea hivyo watatu. Upepo ulikuwa wa baridi. Baada ya muda kitambi kikakohoa.

"Huku nje siwezi kukaa," kilisema. "Sijazoea hewa. Nilikuwa nauliza kama naweza kurudi."

"Nusu," nikasema.

"Nusu ipi?"

"Ile anayolalia."

Kikafikiri, kikasema ni haki. Mbele yetu Tumsifu alifika mwisho wa mstari, pale kwenye pembe ya uwanja, akakanyaga nje ya chokaa, na mimi nikaamka.

Ilikuwa asubuhi ya leo, ya kweli. Jua lilikuwa limeingia dirishani. Kitambi kilikuwepo. Nilikibonyeza, hakikusema kitu. Tumsifu alikuwa amelala kati yetu, chali, shuka limemfunika mpaka kidevuni. Eliwaza alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anachana nywele, anajiandaa kwenda kwenye duka la dawa anakofanya kazi.

Nilibaki nimelala nikitazama dari. Mapaja yaliniuma.

"Mama Tumsi," nikasema.

"Mh."

"Alhamisi uliponiita jikoni. Ulitaka nione nini?"

Chanuo likasimama kichwani. Hakugeuka.

"Alhamisi ipi?"

"Nilikwambia dakika moja. Nilipokuja ukasema imepita."

Nje jirani alikuwa anafungua bomba.

"Alisimama," alisema. "Alijishika kwenye ndoo, akaiachia. Akapiga hatua mbili, akanijia mimi. Halafu akakaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikaa nikafikiri." Akaanza kuchana tena, polepole. "Nikasema, nisimwambie. Siku akitembea mbele yake, adhani ndiyo ya kwanza. Afurahi."

Nikanyoosha mkono nikamshika mgongoni, hapo kanga inapofungwa, naye akauacha mkono ukae.

"Ila tangu siku hiyo hajarudia," alisema. "Nimemsimamisha juzi, nimemsimamisha jana, anakunja miguu tu. Anataka kubebwa. Jana baada ya hapo hakushuka tena mgongoni kwangu. Nimemwogesha jioni, nikampaka mafuta, nikamlaza."

Akainuka, akalivuta shuka ili amgeuze mtoto, amvalishe. Akamshika mguu. Akaacha.

"Baba Tumsi," alisema. "Ulimpeleka wapi huyu?"

"Wapi?"

"Hebu njoo uone."

Niliinuka hapohapo. Alikuwa ameinua miguu yote miwili ya Tumsifu kwa mkono mmoja, nyayo zimeelekea dirishani. Nyumba yetu ina sakafu ya saruji nyekundu. Uani kwetu ni mchanga. Nyayo za mwanangu zilikuwa nyeupe pe, kuanzia kisigino mpaka ncha za vidole, na katikati ya kidole gumba na cha pili kulikuwa kumenasa jani moja la nyasi.

Eliwaza akapitisha kidole kwenye wayo, akakinusa.

"Ni chokaa," alisema. "Tena bado mbichi."

Tumsifu akafungua macho, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavuta miguu yake, akaanza kushuka kitandani.